Filamu Ikiisha

Ukiacha salamu, Rosa Niyonkuru alijua neno moja tu la Kiha, na neno hilo ndilo lililomvunjia uchumba.

Neno lenyewe ni *ikinamico*, mchezo wa kuigiza. Alilipata sokoni Kasulu, wiki ya kwanza aliyorudi huku juu kwa Waha, wauza ndizi walipomtambua wakaacha hata wateja wao. "Huyo wa ikinamico! Huyo wa ikinamico!" walipigiana kelele. Rosa akauliza maana yake, akaambiwa, akacheka, akalipenda.

Usimlaumu kwa kutojua mengine. Alizaliwa hapahapa Kibondo, lakini mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajamaliza kuota meno. Akachukuliwa na Adija, mwenye duka la vitenge mjini Kibondo, mwanamke asiyekuwa na mtoto wala subira ya kungoja watu wakae vikao juu ya mtoto anayelia. Adija alipohamia Tanga, alihama na Rosa mgongoni. Akamlea kwa Kiswahili cha Tanga, kwa maandazi ya nazi na makofi ya hapa na pale, ila jina la Niyonkuru hakuligusa.

Rosa wa Tanga akaja kuwa Rosa wa kwenye runinga. Filamu ya kwanza aliigiza mfanyakazi wa ndani, akapewa sentensi moja: "Chai tayari, mama." Ya kumi na nne aliigiza mwanamke anayenyang'anywa mwanawe, na nchi nzima ikalia naye. Mtangazaji mmoja alipomuuliza machozi yale aliyatoa wapi, Rosa akajikuta anasema jambo ambalo hakuwahi kulisema hadharani, kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa kuasiliwa, na Adija asingemchukua kusingekuwa na Rosa wa kuhojiwa. Tangu siku hiyo akawa anaitwa makanisani, misikitini na kwenye semina, kuwaambia watu wenye vyumba vitupu kwamba kuasili mtoto si aibu wala si sadaka. Wengine walimsikiliza kwa ajili ya mtoto. Wengine, tuseme ukweli, walikuja kupiga naye picha.

Semina mojawapo ikamleta Kasulu, na Kasulu ikampa Leonidasi.

Leonidasi Manirambona alikuwa na studio ya picha karibu na stendi. Harusi, kipaimara, mahafali, yote yalipita kwenye kamera yake. Siku hiyo alikodiwa kurekodi semina, akamwangalia Rosa kupitia kioo cha kamera, kisha akainua kichwa akamwangalia kwa macho matupu, kana kwamba kioo kimemdanganya.

"Dada, sogea kidogo kivulini," alimwambia. "Jua linakufaidi peke yake."

Rosa alikuwa amezoea wanaume wa maneno. Huyu aliyasema kisha akaona haya, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Hapo ndipo alipokwisha.

Ikapita miaka miwili ya kwenda na kurudi. Katikati ya miaka hiyo wakampata Ndayikunda, ambaye kila mtu alimwita Kunda, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akilelewa katika kituo kimoja cha masista upande wa Kabanga. Aliokotwa stendi akiwa mchanga, na hakuna aliyewahi kuja kumuulizia. Mara ya kwanza Rosa alipomsuka, Kunda alikaa kimya saa nzima, kisha akauliza, "Kesho utanifumua au utaniacha nazo?" Tangu hapo Rosa hakutaka mtoto mwingine yeyote duniani. Alimwambia Leonidasi waziwazi kwamba anayemtaka yeye amtake na Kunda. Leonidasi akakubali bila kumeza mate. Kila walipokwenda kituoni alibeba kamera yake, akarekodi Kunda anacheka, Kunda anakula, Kunda amelala mapajani mwa Rosa.

"Namwekea kumbukumbu," alisema. "Akikua aone tulivyokuwa tunamngoja."

Mwanaume akisema maneno kama hayo, mwanamke utafanya nini? Rosa akampenda mara ya pili.

Basi ikaja Alhamisi hiyo. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Leonidasi, mtoto wa kiume pekee, alikuwa ameongeza vyumba viwili katika nyumba ya mama yake huko Kitahana, na wote wangeishi humo. Kabla mahakama haijaruhusu mtoto kuasiliwa, lazima kwanza akae kwa malezi ya kambo, na kabla ya hapo afisa ustawi wa jamii lazima afike nyumbani aone mtoto atalala wapi na nani atamfungulia mlango. Kila mtu mzima wa nyumba huulizwa, ajibu kwa kinywa chake. Kila kitu kikienda sawa, Kunda angelala Kitahana usiku huohuo. Begi lake dogo lilikuwa limeshapakiwa ndani ya gari la afisa.

Gari la idara lilifika saa nne asubuhi, limejaa vumbi jekundu hadi madirishani. Kunda aliruka kabla halijasimama vizuri, gauni lake la njano likapepea, akamkimbilia Rosa na kumkumbatia miguu. Nyuma yake akashuka afisa mwenyewe, Bi Asmahani, mwanamke wa makamo aliyevaa baibui jeusi na hijabu ya kijivu, mwenye Kiswahili laini kilichonyooka.

Mama yake Leonidasi, Niyomwungere, alikuwa ameanika maharage kwenye jamvi uani. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucheka kwa sauti ya kusikika shamba la pili. Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu" na "asante." Alisali kwa Kiha, akagomba kwa Kiha, na kwa miaka miwili kila kitu kati yake na Rosa kilipita kinywani mwa Leonidasi. Mama anasema umependeza. Mama anasema ule, umekonda. Mama anasema mtoto ni baraka.

"Mama hajui Kiswahili, dada," Leonidasi alimwambia Asmahani huku akisimamisha kamera yake kwenye miguu yake mitatu. "Usiwe na wasiwasi, mimi nitakalimani."

"Haya kaka, tusaidie," Asmahani akasema, akaketi, akafungua fomu.

Aliuliza ya vyumba, ya maji, ya vyandarua. Kisha akamgeukia mama kwa heshima. "Shikamoo mama. Naomba kuuliza. Mtoto huyu akiletwa hapa, kwako atakuwa nani?"

Leonidasi akatafsiri. Mama akapiga paja lake, akacheka, akajibu kwa kirefu huku akimnyooshea Kunda mkono. Na katikati ya maneno yale, kama sarafu inayoanguka sakafuni, Rosa akalisikia. *Ikinamico*.

Akageuka. "Amesema nini?"

"Anajivunia kupata mkwe wa ikinamico," Leonidasi akajibu bila hata kupepesa. "Anasema Kitahana nzima inamwonea kijicho."

Rosa akatabasamu, akampigia goti kidogo mama mkwe wake. Aliona kwamba kalamu ya Asmahani haikusogea, lakini hakulitilia maanani.

Kunda alikuwa kwenye jamvi akichambua maharage mabaya na mazuri. Akayaweka chini taratibu, akaja, akamvuta Rosa sketi. Watoto hudhani wananong'ona, kumbe uani wote wanawasikia.

"Mama Rosa."

"Bee, mwanangu."

"Filamu ikiisha, ndiyo narudi kwa Sista?"

"Filamu gani?"

"Hii." Akanyoosha kidole kwenye kamera. "Bibi amesema mimi ni wa filamu. Amesema nimeigiza vizuri. Nikirudishwa atanipa maharage ya kupeleka."

Rosa hakuelewa mara moja. Au tuseme alielewa, lakini moyo ulikataa kupokea. Alisahau jambo jepesi kabisa, kwamba kule kituoni mtoto alikuwa akiongea Kiha na wenzake kutwa nzima. Kila neno lililosemwa katika ua ule lilikuwa limeingia katika masikio yale madogo.

"Watoto bwana!" Leonidasi akacheka. Alicheka peke yake.

"Leo," Rosa akamwita kwa jina la kifupi alilompa siku za mapenzi. "Njoo."

Wakaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, moshi wa kuni ukiwapita usoni.

"Umemwambia mama yako nini?"

"Rosa, tulia kwanza. Tuna mgeni."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Mama ni mtu wa zamani, mpenzi. Mambo haya ya kuasili..."

"Huyo mtu wa zamani ameambiwa nini?"

Leonidasi akatazama viatu vyake. "Nilimwambia tunatengeneza filamu. Filamu ya kuasili. Kwamba Kunda ni mshiriki tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Rosa akashika mgomba. Zile safari zote za Kabanga, ile kamera, ile kumbukumbu. "Kwa hiyo ulikuwa unarekodi ili mama yako aamini."

"Hapana! Naapa hapana. Kumbukumbu zilikuwa za kweli. Ila mama alipoziona akauliza ni nini, na mimi nikasema filamu. Ulimi uliteleza, Rosa, halafu sikuweza kuurudisha."

"Na ile 'mama anasema mtoto ni baraka'?"

"Hiyo niliitunga."

"Na 'mama anasema umependeza'?"

"Hiyo alisema kweli." Akataka kutabasamu, mjinga yule, akaona uso wa Rosa, akaacha. "Ningefanyaje? Wewe ulisema bila Kunda hakuna harusi. Mama akasema mtoto asiyejulikana ukoo haingii nyumbani mwake. Nawapenda wote wawili. Nikafikiri, tuoane kwanza, mtoto akishaingia, akimzoea, mama hatakuwa na roho ya kumtoa. Wewe hukumwona anavyomwekea ndizi mbivu? Anampenda tayari, hajijui tu."

Akamshika mikono. Ile mikono ya Leonidasi ilikuwa na joto lake, na macho yake yalikuwa na ile haya ya siku ya kwanza, na kibaya zaidi Rosa alikuwa bado anampenda. Alikuwa anampenda huku amekasirika, na hakuna kazi ngumu kama hiyo.

"Nenda kamwambie sasa hivi," akasema. "Mbele yangu. Mwambie hakuna filamu. Mwambie Kunda anabaki, leo na kesho na tukizeeka. Akikataa, akatae. Tutapanga mjini, tutakuja kumsalimia Jumapili. Lakini ukweli ausikie kwako."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, Leo."

"Sasa hivi, mpenzi wangu."

Na kweli akaenda. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, sauti ikitetemeka. Rosa alisimama nyuma yake, hatua moja tu, akasoma uso wa mama kama anavyosoma uso wa mwigizaji mwenzake asiyejua atasema nini. Kwanza mama alikunja ndita. Akamtazama Rosa. Akamtazama Kunda. Kisha polepole akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akanyoosha mkono wake mkavu akauweka juu ya nywele za mtoto.

Jiwe likamtoka Rosa kifuani. Akamwekea Leonidasi mkono begani. "Asante," akamnong'oneza. "Asante, Leo."

"Amekubali," Leonidasi akasema, akijifuta jasho. "Dada Asmahani, unaweza kuandika. Mama amekubali."

Asmahani akaifunika kalamu yake. Akamgeukia mama, na akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiha. Tena si Kiha cha kubahatisha. Kilikuwa Kiha cha kisimani na cha sokoni, chenye kasi yake na mikato yake. Mkono wa mama ukaanguka kutoka kichwani kwa Kunda. Leonidasi, aliyekuwa anainuka, akabaki kati ya kupiga magoti na kusimama.

"Unajua Kiha?" akauliza.

"Nimezaliwa Kasulu, kaka. Baba yangu, Mzee Hashimu, ana duka la nafaka pale mjini mwaka wa arobaini huu. Hatujawahi kuuza hata kilo moja ya mahindi kwa Kiswahili."

Ndilo kosa la watu wa huku. Wakiona baibui, wakisikia jina kama lile, wanahamia Kiswahili moja kwa moja, huyu ni Mswahili wa mjini, na mambo yao ya ndani wanayasema kwa Kiha wakidhani wameyafungia sandukuni. Leonidasi alikuwa ameyasema yote mbele ya mwanamke aliyekuwa akimsikia tangu salamu.

"Dada Rosa," Asmahani akasema, "sikuja kuvunja uchumba wa mtu. Ningekuwa nimekuja kwa ajili yako ningenyamaza, mngemalizana wenyewe. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Huyu kaka hakusema ulichomtuma."

"Rosa, usimsikilize..."

"Sema, dada," Rosa akasema.

Asmahani aliyasema akiiangalia fomu, hakumwangalia mtu. "Amesema: Mama, huyu mwanamke wa serikali anataka kusikia kwamba mtoto atabaki, kwa hiyo itikia tu na ucheke, ndiyo sehemu yako katika filamu. Harusi ikipita mtoto anarudi Kabanga, nimekuahidi. Rosa mwenyewe anajua, na amekubali. Amesema nyumba hii itajaa wajukuu wa damu yako."

Kuku walikuwa wameingia kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza.

"Nimekubali," Rosa akarudia. "Nilikubali lini, Leo? Nilikubali kwa lugha gani?"

"Nilikuwa namtuliza tu. Ningemweleza baadaye, polepole. Rosa, nakupenda, Mungu ananiona..."

Nani alisema hampendi? Ndiyo sumu yenyewe hiyo. Ule uwongo wa kwanza ulikuwa wa mtu mwoga, na Rosa angeweza kuishi na mwoga, angemshika mkono wakaogopa pamoja. Lakini huu wa pili aliusema yeye amesimama nyuma yake. Aliusema huku akijua mkono wa Rosa utakuja begani mwake kumshukuru, na ulipokuja akaupokea. Miaka yote Rosa alikuwa anaingia kwenye maneno yaliyoandikwa na wengine, analipwa, anavua nguo za mhusika, anakwenda nyumbani. Mara hii nyumbani ndiko alikoandikiwa.

Mama alikuwa akisema kitu, taratibu, akimtazama yeye. Asmahani akatafsiri, na Rosa akamsikia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza.

"Anauliza, kwa hiyo binti hukujua?"

"Mwambie sikujua."

Mama akamwambia mwanawe neno moja fupi, na Leonidasi akajikunyata kama aliyezabwa kofi. Halafu akaendelea kusema na Rosa.

"Anasema: Mimi nilisema mtoto asiyejulikana ukoo haingii humu, na nilisema waziwazi. Wazazi wangu walivuka mpaka wa nchi kuja huku hawana jembe wala sufuria, walikuja na ukoo wao tu kichwani, wanautaja jina kwa jina. Ndiyo mali niliyorithi. Naogopa kuichanganya na mtu nisiyemjua. Anasema huo ni woga wake na hauonei haya."

"Mwambie na mimi nililelewa na mwanamke asiyenizaa. Jina langu ndilo alilonibakishia, lakini ukoo sikuletewa."

"Anasema hilo analijua, lilisemwa redioni. Anasema kwa ajili yako wewe mwanawe alikuja akamwomba, wakagombana miezi mitatu, mwisho yeye mama akachoka akakubali. Huyu mdogo hakuombewa. Angeombewa angekataa, na mngegombana, na nani ajuaye, labda angechoka tena. Anasema mwanawe amemnyima hata huo ugomvi."

"Na sasa? Muulize sasa anasemaje."

Asmahani akauliza. Mama akamtazama Kunda kwa muda mrefu, gauni la njano, vidole vyenye vumbi la maharage. Akatikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga, lakini alitikisa kichwa.

"Anasema hata sasa hawezi. Anakuomba radhi kwa kuwa mwanawe amekudanganya, lakini yeye hatakudanganya."

Rosa akamwinamia yule mama, safari hii hadi chini. Katika nyumba ile ndiye mtu pekee wa ukoo ule aliyemheshimu vya kutosha hadi akamkataa usoni.

Kisha akamgeukia afisa. "Naomba mtoto peke yangu. Futa majina mengine."

"Sheria haikuzuii," Asmahani akasema kwa upole. "Lakini fomu hii ni ya nyumba hii, siwezi kuipitisha. Tunaanza upya, dada. Nyumba nyingine, ukaguzi mwingine, barua nyingine. Ni miezi. Na sikufichi, wakubwa wataniuliza mbona mwombaji hakujua kinachosemwa ndani ya nyumba yake."

"Na leo?"

"Leo mtoto anarudi na mimi."

Basi hicho ndicho Leonidasi alichokuwa amemvunjia. Harusi ingesahaulika, kadi zingechomwa, watu wangesema wiki mbili wakachoka. Lakini Rosa sasa alitakiwa kuchuchumaa mbele ya mtoto wa miaka mitano na kumwambia kitu kilekile alichoambiwa na uwongo.

Akachuchumaa. "Kunda. Leo utarudi kwa Sista."

"Filamu imeisha?"

"Hakukuwa na filamu, mwanangu."

Kunda akamwangalia, akaangalia kamera, akaangalia gari. Hakulia. Akaenda mwenyewe hadi garini akapanda, na Rosa angeona afadhali mara mia kama angelia.

Sanduku la Rosa, alilokuja nalo kwa ajili ya harusi, halikuchukua hata robo saa kufungwa. Leonidasi alimfuata mlangoni, chumbani, uani, maneno yakimtoka bila mpangilio, nipe siku moja, nipe wiki, nitamleta padri aongee na mama, nitauza studio tuhame. Rosa alipofika kwenye kamera akanyoosha mkono.

"Nipe memori kadi."

"Rosa, hiyo ni kazi yangu ya miaka miwili."

"Mwigizaji humu ndani ni mmoja tu, na haonekani hata kwenye picha moja. Nipe."

Akaichomoa akampa. Vidole vyao viligusana, na Rosa akavuta mkono wake haraka, kwa sababu vidole havijui habari za usaliti, vyenyewe vilikuwa vinataka kubaki.

Mama alikuja hadi garini na kifuko cha maharage, akakiweka mapajani mwa Kunda kupitia dirishani. Alikuwa ameahidi.

Njia yote ya kuelekea Kasulu mtoto hakuomba maji wala hakuuliza chochote. Alikaa dirishani na begi lake na maharage yake. Rosa aliweka mkono wake wazi juu ya kiti kati yao, na mkono ukakaa hapo wazi, kilima baada ya kilima.

Walipoanza kuona paa za Kabanga, Kunda akasema, akiongea na kioo, "Ulisema leo nitalala kwako."

"Nilisema."

"Sijalala."

"Hukulala, mwanangu."

Hapo machozi yakamtoka Rosa. Hakuyaita, yalikuja yenyewe, mengi, ya moto, pua ikivuja, mdomo ukimpinda, kilio kibaya kisichofaa kurekodiwa. Kunda akageuka akamtazama. Alimtazama kwa makini kabisa, kama anavyochambua maharage.

"Kwenye TV ya Sista pia unalia hivyohivyo," akasema.

Asmahani, kiti cha mbele, akageuzia uso wake dirishani.

Rosa akatafuta la kusema. Angesema haya ni ya kweli. Lakini mwanamke wa kwenye filamu naye alisema ni ya kweli, tena alisema vizuri kuliko yeye angeweza sasa. Sauti, macho, mikono, kila alichokuwa nacho cha kumwonyesha mtoto kwamba anampenda, alikwisha kukitumia mbele ya kamera. Akajifuta uso kwa upande wa mtandio, gari likasimama kituoni.

Sista alifungua geti. Kunda akashuka, begi mkono mmoja, maharage mkono mwingine, akaanza kwenda.

"Kunda."

Mtoto akasimama, hakugeuka.

"Usiniangalie uso," Rosa akamwambia. "Kesho asubuhi ukiamka, angalia getini."

Kunda akasimama pale kidogo zaidi, kisha akaingia ndani. Rosa akamwomba dereva amshushie sanduku lake palepale getini.